Geti Langu la Kahama

Songwa, Kishapu

Mpwa wangu Minza,

Mama yako amekwisha vuna choroko zake, anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Duka la vifaa vya uchimbaji huko Geita linataka uwatengenezee mfumo mzima wa kuhesabu mali ya stoo, pamoja na matangazo ya mwezi mzima, kwa siku saba, bila malipo, ndipo mzungumze habari ya ajira. Nawe unauliza ukubali au ukatae.

Mwaka 1994 nilikwenda Kahama kuomba kazi kwenye karakana moja ya kuchomelea. Tulikuwa mafundi sita. Kila mmoja akapewa vyuma, akaambiwa atengeneze geti ili mkono wake uonekane. Nilifanya kazi siku tatu, nikila kwa fedha yangu. Juu ya geti nikakunja nondo kwa umbo la korongo wawili wanaotazamana, maana kazi ile niliitaka kweli. Tukaambiwa tutaitwa. Baada ya mwezi nikapita mtaa wa pili, nikawaona korongo wangu kwenye nyumba ya mtu. Katika sisi sita hakuna aliyeajiriwa.

Miaka miwili baadaye nilipimwa mgodini. Nilipewa vipande viwili vya chuma, nikaviunganisha, wakavipinda kwa mashine pale pale penye mshono waone kama patapasuka. Hapakupasuka. Kipande kikatupwa kwenye chuma chakavu, nami nikaandikiwa mkataba. Tangu siku hiyo najua kuwa anayetaka kukupima hutosheka na kitu asichoweza kukiuza.

Sasa tazama ulichoombwa. Mfumo wenye bidhaa zao zote, ukiukamilisha, kesho yake wanautumia bila wewe. Hilo ni geti, Minza.

Umeniambia pia kwamba kaka zako kwenye maduara ya dhahabu huchimba miezi mizima bila mshahara. Ni kweli, mwenye duara huwapa chakula tu. Lakini kabla hawajashuka chini wamekwisha kubaliana mawe yakipatikana mifuko itagawanywaje. Wewe umeahidiwa mfuko upi?

Sitaki uwajibu kwa hasira. Kazi ni adimu, na najua ni mwaka wa pili huu tangu umalize chuo. Waambie kwa adabu kwamba utawaonyesha mfumo wenye bidhaa kumi za mfano na tangazo moja, kazi ya saa chache. Wakiupenda, mfumo kamili uandikiwe bei au mkataba. Weka jina lako na tarehe kila ukurasa. Ukiweza, uwaonyeshe ana kwa ana kwenye kompyuta yako badala ya kuwaachia faili. Mwajiri mwenye nia njema hatakasirika kwa hilo, na akikasirika umekwisha jua utakavyoishi naye.

Wakisema uje ukae dukani wiki mbili "kwa majaribio", hilo ni jambo jingine. Mwajiriwa aliye kwenye kipindi cha majaribio hulipwa mshahara. Tena Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamdhania mtu kuwa mwajiriwa pale saa zake au namna yake ya kufanya kazi zinapoongozwa na mwingine, au anapopewa na huyo mwingine vitendea kazi. Kwa hiyo wakikupangia saa ya kuingia na kutoka, ukakaa kwenye kompyuta yao, usikubali kuambiwa ulikuwa unajaribiwa tu. Tunza kila ujumbe waliokutumia. Wakikunyima haki yako, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya malipo hupelekwa ndani ya siku 60, basi usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi kwa kuogopa kuitwa mkorofi.

Andika jibu lako leo, unisomee kwa simu kabla hujalituma. Kuanzia magharibi nitakuwa nyumbani.

Mjomba wako