Adabu ya Sauti ya Gitaa

Kila sauti ina uzuri wake, na uzuri haukosi kasoro. Katika miaka ya 1980 mji wa Iringa ulisifika kwa bendi ya Tancut Almasi, iliyobeba jina la kiwanda cha kuchonga almasi kilichokuwa mjini humo. Katika muziki wa dansi wa aina ile gitaa si pambo. Gitaa la solo humwitikia mwimbaji, na pengine humalizia neno aliloliacha. Kulififisha ni kuukata wimbo ulimi wa pili.

Lakini ulimi huo huweza kuchoma. Nyuzi nyembamba zikipigwa kwa nguvu, masafa ya baina ya hezi 2,000 na 5,000 hupaa, na hapo ndipo sikio la mwanadamu lilipo jepesi kuliko pengine. Nyuzi nene nazo, zikizibwa kwa kiganja, huvuma baina ya hezi 100 na 250, zikalifunika gitaa la besi.

Dawa iliyozoeleka ni kuyapunguza masafa hayo tangu mwanzo wa wimbo hata mwisho. Makali hutulia, lakini uhai nao hupungua. Maana noti za upole huadhibiwa pamoja na zilizokosa.

Ikwalaiza badilifu ina uadilifu zaidi. Hupewa kizingiti. Sauti iliyo chini yake hupita salama. Ikikivuka, masafa yale tu hupunguzwa, labda kwa desibeli 2 au 3, na ikitulia huachiliwa. Mwendo wake pia wataka kipimo: ikiwahi mno huondoa ukali wa mdonoo unaoipa noti uso, ikichelewa, mkosaji amekwisha kupita.

Leo kijana wa Mbeya anayerekodi kwaya, au wa Iringa anayerekodi bendi, aweza kuwa na chombo hiki ndani ya kompyuta moja. Kuwa nacho si kukijua. Kizingiti kikishushwa mno, chombo hukata pasipo kukoma, na tofauti yake na dawa ile ya kwanza hutoweka. Kwa hiyo sikio litangulie, mkono ufuate. Gitaa lisikilizwe kwanza pamoja na waimbaji, kwani linalochoma likiwa peke yake huenda ndilo linalosikika vema kati ya wenzake. Mchonga almasi hupunguza jiwe ili nuru ipite. Akizidisha, hubaki na vumbi.