31 Oktoba: wengine wanacheza bulozi, kwetu bulozi si mchezo



Mwezi wa kumi ukielekea mwisho, swali moja linarudi katika mikutano yetu: hii Halloween tuifanye nini? Zamani hakuna aliyeiuliza hapa Likasi. Leo watoto wanaiona katika telefone za kaka zao: nyuso za maiti, damu ya rangi, maboga yenye macho ya moto, watoto wanaopita mlango kwa mlango wakiomba bonboni.

Mwaka jana mama mmoja wa kikundi chetu aliletewa karatasi na binti yake wa darasa la tatu. Shule ilikuwa inaandaa siku ya kujivika: kila mtoto aje na vazi la kutisha, na mzazi atoe franga kidogo za juisi. Baba wa mtoto alisema ni mchezo tu. Nkambo alisema mtoto asiende shule siku ile, tena aombewe usiku kucha. Mama akabaki katikati, akatujia na karatasi yake mkononi. Tulizungumza majuma mawili, na katika kikundi chetu kuna Wakatoliki, Wametodisti na wa makanisa ya uamsho, kwa hiyo hatukukosa maneno.

Jina lenyewe linatoka kanisani

Wengi wetu tulishangaa kusikia kwamba Halloween ni maneno ya kizamani ya Kiingereza yaliyofupishwa, na maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote. Katika karne ya 8, Papa Gregori wa Tatu aliweka wakfu kikanisa ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma kwa heshima ya watakatifu wote. Katika karne ya 9 sikukuu ya 1 Novemba ikaenea Ulaya. Baadaye Odilo, abati wa Cluny katika Ufaransa, akaweka siku ya 2 Novemba kuwa ya kuwaombea marehemu.

Watu wa Ireland na Scotland walikuwa na desturi zao za mwisho wa mavuno, wakati baridi na giza vinapoanza, nazo zilichanganyika na mkesha huo. Katika karne ya 19 Wairelandi waliohama kwa sababu ya njaa walizipeleka Marekani. Huko kwao walikuwa wanachonga mizizi ya mboga na kuwasha taa ndani. Marekani wakakuta maboga. Wafanya biashara wakaongeza mavazi na pipi, na ndivyo sikukuu ilivyotufikia.

Wametodisti wetu walitukumbusha jambo lingine: 31 Oktoba ni siku ambayo makanisa ya Kiprotestanti yanakumbuka Martin Luther na maandiko yake ya mwaka 1517. Tarehe haina shetani ndani yake, ni siku kama siku nyingine. Tena hata majira si yetu. Kule majani ya miti yanaanguka. Kwetu miti ya pori imekwisha kuvaa majani mapya, joto ni kali, na macho yetu yako mbinguni kutafuta mvua.

Mahali ambapo mchezo unauma

Lakini hatuwezi kuishia kusema ni mchezo tu. Mtoto wa Chicago akivaa kofia ya mlozi, jirani anacheka na kumpa pipi. Kesho yake kofia inarudi sandukuni, na hakuna atakayemwuliza alikula nani usiku. Hapa kwetu neno hilo halirudi sandukuni.

Katika mtaa wetu kulikuwa na mvulana wa miaka tisa, yatima wa mama. Alikuwa na kigugumizi, na usiku alikuwa akikojoa kitandani. Mdogo wake wa baba mwingine alipougua, watu wa nyumbani walimpeleka katika chumba kimoja cha maombi, wakaambiwa kwamba mkono wa mvulana ndio unaoleta ugonjwa. Walimfungisha chakula siku tatu. Baada ya hapo alilala sokoni, chini ya meza za wauza unga. Wamama wawili wa kikundi walimwona, wakamletea bukari, wakamtafuta shangazi yake wa Kambove. Leo anaishi huko na anasoma. Kigugumizi bado anacho. Usiku hakojoi tena.

Mtoto huyu hakuvaa kinyago chochote. Wala hayuko peke yake: mwaka 2010 UNICEF ilitoa utafiti mzima juu ya watoto wanaoshitakiwa bulozi katika Afrika yetu, na Kongo imo. Kwa hiyo mama anayeogopa kumwona binti yake amechorwa uso wa mlozi shuleni hana ujinga. Anajua kwamba mwezi wa pili, kukitokea homa katika lupango, kuna mtu atakayekumbuka ule uso.

Hofu nayo tuiangalie

Upande wa pili tuliusema pia, na ulikuwa mgumu zaidi kusema. Tukihubiri kwamba mtoto aliyetazama filamu ya Halloween ameingiliwa na pepo, tumefanya kazi ile ile ya kile chumba cha maombi. Mtoto anaota ndoto mbaya kwa sababu ameona picha mbaya. Anahitaji mama akae karibu naye, azime telefone, aombe naye kwa sauti ya kawaida. Hahitaji kufungishwa chakula wala kupigiwa kelele usiku.

Sheria nayo iko wazi. Katiba yetu ya 18 Februari 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto bulozi. Sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inamwadhibu anayefanya hivyo kwa kifungo cha mwaka 1 mpaka 3, pamoja na faini. Mama anayemtetea mtoto wa jirani anasimama na sheria ya nchi. Asione haya.

Yale tuliyopatana

Tuulize mtoto kwanza. Tumwulize ameona nini, nini kimemfurahisha, nini kimemtisha. Mara nyingi kinachomvuta ni bonboni na kujivika pamoja na wenzake, wala si maiti.

Tuongee na shule kwa heshima, na mapema. Yule mama alienda kwa direkta pamoja na wawili wetu. Hawakugombana. Walieleza tu kwamba neno “kutisha” lina uzito mwingine katika mtaa wetu. Direkta alikubali kuliondoa katika karatasi. Siku ile wengine walikuja na vinyago vyao vile vile, lakini wengi walikuja kama mwalimu, muuguzi, askari wa barabara. Binti alijifunga kitenge cha nkambo wake na kubeba beseni kichwani, kama muuza nyanya. Nkambo mwenyewe ndiye aliyemfundisha kupita akiita wanunuzi.

Tuwafundishe watoto namna yetu ya kukaa na marehemu. Sisi hatuna haja ya kuazima mifupa ya plastiki. Kila 1 Agosti, siku ya wazazi, asubuhi tunaenda malalo na majembe na mafagio. Tunang’oa majani, tunapaka chokaa, tunawataja waliolala pale, kisha tunarudi kula pamoja na wazazi walio hai. Mtoto aliyefagia kaburi la babu yake mchana, akiwa amemshika mama mkono, hawezi kudanganywa kirahisi kwamba wafu wote ni adui. Wakatoliki wanaweza kuendeleza jambo hilo 1 na 2 Novemba. Wengine wanaweza kutumia jioni ya 31 Oktoba kusimulia habari za watu wa imani wa jamaa yao: nani alifika wa kwanza hapa wakati mji ulikuwa unaitwa Jadotville, nani alifanya kazi Panda au Shituru, nani alilea watoto wasio wake.

Tusihukumiane. Hili ndilo lililotuchukua muda mrefu. Mama mmoja atamruhusu mtoto aende, mwingine atamweka nyumbani. Paulo alikutana na ugomvi kama huu juu ya nyama zilizotolewa kwa sanamu, na mafundisho yake yako katika Warumi 14 na 1 Wakorintho 8: kila mmoja awe na hakika katika moyo wake, na mwenye uhuru asimwangushe mwenzake dhaifu. Kwetu, aliye dhaifu kuliko wote ni mtoto asiye na mama wa kumsemea. Tukipima uamuzi wetu kwa usalama wake, hatutapotea mbali.

Kwa mazungumzo ya juma hili

1. Nyumbani kwetu, tunatumia neno “mulozi” kwa utani au kwa hasira mbele ya watoto? Tunaweza kuliacha?
2. Katika mtaa wetu, ni mtoto gani anayesemwa vibaya sasa? Nani kati yetu ataenda kumsalimia, na siku gani?
3. Ni hadithi gani ya marehemu wetu ambayo watoto bado hawajaisikia?

Mlete majibu mkutanoni, na anayeweza alete na maembe; msimu umeanza. Bwana awalinde ninyi na watoto wenu, na watoto wa wengine pia.