Herufi R Kwenye Karatasi Yangu

Mwezi uliopita nilishikwa na UTI. Ilikuwa mara ya tatu mwaka huu, kwa hivyo nilishajiona daktari. Nikaenda kemisti hapa Noonkopir, nikaitisha Amoxil za mia, nikameza siku mbili, nikaskia poa, nikawacha. Zilizobaki nikaweka kwa droo. Usijifanye hujawahi.

Safari hii ugonjwa ulirudi na homa juu. Kliniki wakachukua mkojo, wakauotesha maabara, na siku tatu baadaye nikapewa karatasi yenye orodha ya dawa, kila moja na herufi kando. S maana yake dawa itafanya kazi. R maana yake bakteria ni sugu. Ile familia ya Amoxil, R. Septrin, R. Nikashuka na kidole: R, R, R. S zilikuwa mbili tu, moja ni ya sindano. Nina miaka 21.

Nikajiuliza, hawa wadudu walijifunzia wapi? Mwilini mwangu, labda. Lakini angalia plot yetu. Sehemu kubwa ya Amoxil unayomeza hutoka na mkojo ikiwa bado ni dawa. Choo chetu ni cha shimo, na mnajua udongo mweusi wa Kitengela: mvua ikinyesha maji hayaendi popote, shimo linafurika, kila kitu kinaingia mtaroni. Hapo kinakutana na samadi ya kuku wa mamangu, ambao hutiliwa antibiotiki kwa maji ya kunywa hata kama hakuna anayeumwa. Samadi hiyo hiyo ndiyo mbolea ya sukuma yetu.

Kwenye hilo tope dawa ni kidogo, haitoshi kuua wote. Wanaokufa ni wanyonge. Wanaobaki wanazaana, halafu wanapeana jeni za usugu, hata na bakteria wa aina nyingine kabisa, kama mnavyotumiana wimbo kwa Bluetooth.

Kitu kilinishangaza ni kwamba usugu haukuanza na sisi. Streptomycin, dawa ya kwanza kutibu TB, ilipatikana 1943 kutoka kwa bakteria wa udongo kule New Jersey. Udongoni wamepigana na dawa hizi tangu zamani. 2011 watafiti walitangaza kupata jeni za usugu kwenye udongo wa Yukon, Canada, uliokuwa umeganda miaka 30,000. Ngao zilikuwepo. Sisi tumezifanya ziwe na soko. Mwaka wa 2019 pekee, bakteria sugu waliua watu kama milioni 1.27 duniani.

Nilimwambia mama aache kuwapa kuku dawa ovyo. Akaniangalia. "Na wakianza kukohoa niwaombee? Karo yako imetoka wapi?" Sikuwa na jibu. Mayai ndiyo yalinilipia shule, na daktari wa mifugo hajawahi kukanyaga plot yetu.

Sindano nilimaliza, zote, kwa uchungu. Ila zile Amoxil bado ziko kwa droo, kumi na moja. Nilimuuliza wa kemisti kama wanapokea zilizobaki. Alicheka, akaniambia nitupe tu kwa choo.