Mwimbaji wa bango la Baba hakufika

Ukutani mwa sebule ya wazazi wangu kule Molo kuna vitu vitatu: kalenda ya kanisa, picha ya harusi yao, na bango la tamasha la muziki wa kantri. Bango lenyewe ni nakala tu. Mjomba alilituma kutoka Marekani nikiwa darasa la pili, na Baba akalitilia fremu siku hiyo hiyo, ilhali picha ya harusi ilikuwa imekaa miaka bila fremu. Mama hajasahau jambo hilo hadi leo.

Bango linatangaza onyesho la Hank Williams mjini Canton, jimbo la Ohio, siku ya Mwaka Mpya wa 1953. Baba alikuwa dereva wa lori la maziwa, na kama wanaume wengi wa kwetu alipenda kantri kupita kiasi. Jumapili alivaa kofia pana na mabuti, akaketi chini ya bango lake na redio. Mgeni akiliangalia, Baba alimwambia neno moja tu: "Hakufika."

Nilipokua nilijisomea kilichotokea. Williams alizaliwa Alabama mwaka 1923. Hakuwa mchunga ng'ombe, lakini bendi yake iliitwa Drifting Cowboys, na yeye alivaa kofia na suti za kikauboi kama walivyofanya waimbaji wengi baada ya filamu za makauboi kupendwa. Mavazi hayo yaliendana vizuri na mabango ya enzi zile, yenye herufi nene ambazo hata leo ukiziona unafikiria farasi na vumbi.

Uchapaji wake ulikuwa kazi ya mikono. Mjini Nashville, ndugu wawili, Charles na Herbert Hatch, walifungua kiwanda mwaka 1879, nacho hadi leo kinaitwa Hatch Show Print. Herufi za mbao hupangwa moja moja, zikiwa zimegeuzwa kama kwenye kioo, hupakwa wino, kisha karatasi hugandamizwa juu yake. Bango la rangi mbili hupitishwa kwenye mashine mara mbili. Jina la mwimbaji hupewa herufi kubwa kuliko zote ili hata anayepita upande wa pili wa barabara alione. Mabango mengine ya zamani yaliachwa nafasi tupu juu, ili kila mji uchapiwe tarehe yake. Yalibandikwa kwenye madirisha ya maduka na kuta za maghala, na onyesho likiisha yalichanwa au kufunikwa na mengine. Ndiyo maana machache yaliyosalia yanasakwa sana na mashabiki.

Bango ni ahadi. Linasema fulani atakuwa mahali fulani, siku fulani. Wakati watu wa Canton wakilisoma lile la kwetu, Williams alikuwa na maumivu makali ya mgongo aliozaliwa nao na kasoro. Alikuwa mlevi, na miezi michache kabla alikuwa amefukuzwa kwenye kipindi maarufu cha redio cha Grand Ole Opry. Akiwa njiani kwenda Canton, kijana mwanafunzi akimwendesha, alichomwa sindano ya mofini na daktari mjini Knoxville. Alikutwa amekufa katika kiti cha nyuma cha gari, huko West Virginia. Alikuwa na miaka 29. Onyesho liliendelea bila yeye.

Mimi nina miaka 28, na kazi yangu ni kuandika habari za afya. Nimeandika mara nyingi kwamba pombe pamoja na dawa kali za maumivu au za usingizi hupunguza kasi ya kupumua, na mtu anaweza kulala asiamke. Nimewahoji madaktari na waraibu. Mtu mmoja tu sikuwahi kumuuliza swali.

Nilipokuwa kidato cha pili nilishika nafasi ya kwanza, na Baba akaahidi kuja siku ya kutoa zawadi. Nilimwekea kiti. Nilikitazama kiti hicho tangu asubuhi hadi mahema yalipokunjwa. Jioni Mama alisema lori limeharibika. Nilijua halikuharibika. Kulikuwa na siku nyingine kama hiyo, na nyingine tena.

Baba aliacha pombe miaka saba iliyopita, baada ya daktari kumwonyesha hali ya ini lake. Hakuacha kwa kujifungia chumbani. Alilazwa kwanza, kwa sababu mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi akikatiza ghafla anaweza kupatwa na degedege na hata kufa. Msomaji, kama una ndugu wa aina hiyo, usimwache aache peke yake, mpeleke hospitalini.

Krismasi iliyopita tulikuwa wawili sebuleni. Nilimwambia Baba, kwa lugha yangu ya kazini, kwamba uraibu ni ugonjwa, na kwamba hata Williams pengine alikunywa kwa sababu ya mgongo. Nadhani nilikuwa nikimtafutia mlango wa kutokea.

Alikaa kimya, akalitazama bango.

"Yeye alikuwa na mgongo," akasema. "Mimi sikuwa na mgongo, mwanangu. Siku ile ya zawadi nilifika. Nilifika hadi kituo cha mabasi karibu na shule yenu. Nikaona niingie mahali nipate moja ya kunipa nguvu ya kukaa na wazazi wenzangu."

Miaka kumi na minne nilidhani alinisahau. Kumbe alikuwa umbali wa kutembea, mbele ya chupa, akiiona saa.

"Kwa nini ulilitundika hili bango, Baba?"

"Mwanzoni nililipenda kwa sababu ya muziki. Baadaye nilitaka kuliondoa, nikaona aibu kueleza kwa nini."

Sikumwambia kwamba nimemsamehe. Sijui kama ni neno linalosemwa mara moja likaisha. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya, nikamwahidi nitaeleza kwamba alikuwa mgonjwa.

"Andika," akasema. "Hiyo ya ugonjwa waachie madaktari. Wewe sema nilikuwa nakunywa."

Kisha akainuka, akainyoosha fremu iliyokuwa imeinama kidogo, akaenda kumsaidia Mama kumenya viazi.