Kutoka Luano mpaka Kalemie

Siku moja tulitundika ramani ya nchi yetu ukutani, tukawapa wanafunzi hesabu hii: ndege inaondoka katika uwanja wa Luano, Lubumbashi, kwenda kutua Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika. Itakaa hewani muda gani?

Kipimo cha ramani ile ni 1 kwa 5 000 000, maana yake sentimeta moja ni kilometa 50. Mwanafunzi mmoja aliweka rula, akasoma sentimeta 13 na milimeta 2. Basi, ni kilometa 660. Ndege iendayo kilometa 440 kwa saa itamaliza safari hiyo kwa saa moja na nusu. Tukawaeleza kwamba hesabu ya ubaoni si hesabu ya angani: ndege hupanda polepole, upepo wa mbele huichelewesha, na kabla ya kutua yaipasa kujipanga na uwanja. Kwa hiyo rubani huongeza dakika, tena huchukua mafuta ya akiba.

“Na kwa gari moshi?” wakauliza. Reli haifuati rula. Inatoka Lubumbashi kwenda Tenke, Bukama na Kamina, inageukia Kabalo kwa njia iliyomalizika mwaka 1956, ndipo inaelekea mashariki mpaka ziwani. Njia hiyo inazidi kilometa 1000. Ni safari ya siku, si ya saa.

Hapo mtoto wa kiti cha nyuma akainua mkono: “Bwana Mwalimu, wewe ni mtu wa Kalemie. Kama ni saa moja na nusu tu, bila shaka unamwona mama yako kila likizo?”

Tulinyamaza. Darasa lilidhani tunatafuta jibu la hesabu. Kumbe ulikuwa mwaka wa nne hatujakanyaga mlango wa mama. Kisingizio chetu kilikuwa nauli, na kweli nauli ya ndege ni mzigo mzito kwa mshahara wa mwalimu. Lakini katika miaka hiyo minne tulinunua redio, tukanunua baiskeli, tukashona suti ya sikukuu. Fedha ilipatikana; nia ndiyo iliyokosekana.

Likizo iliyofuata tulikata tikiti. Tulingoja uwanjani tangu alfajiri mpaka saa nane mchana, kwa kuwa ndege ilichelewa. Tuliporuka, tuliona upande wa kuume ziwa Mweru liking'aa, na baadaye maji mapana ya Tanganyika.

Mama alikuwa mlangoni. Tulipomwamkia, alinyosha mikono miwili, akatupapasa uso kuanzia kipaji mpaka kidevu. Macho yake yalikuwa yamefifia, nasi hatukujua. Katika simu alisema daima, “Mimi mzima, mwanangu.” Alitutambua kwa sauti, lakini sura yetu hakuiona tena.

Majuto ni mjukuu. Mungu alipotuamuru katika amri ya nne kuwaheshimu baba na mama, hakuweka kipimo cha kilometa wala bei ya tikiti.

Nawe msomaji, chukua rula leo, upime umbali uliopo kati yako na wazazi wako. Kisha ujiulize ni mwaka wa ngapi sasa.