Kulala Hemani Naivasha: Nasaha kwa Familia za Pwani

Likizo za shule zinapokaribia, hapana nyumba isiyokuwa na mtoto anayeuliza: mwaka huu tutakwenda wapi? Zamani majibu yalikuwa mafupi: Lamu kwa jamaa, Malindi kwa shangazi, au Tanga kwa bibi. Siku hizi vijana wetu wanaitaja Naivasha. Wamesikia habari za matamasha ya muziki ambayo watu hupiga mahema kandokando ya ziwa na kukesha, na tangu mashindano ya Safari Rally yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, mji ule hufurika wapiga kambi kila mwaka. Picha huzunguka katika simu, na watoto hutamani.

Sisi hatuoni aibu katika kutamani huko. Kulala chini ya nyota na kuitazama milima kwa mazingatio ni jambo lenye kheri ndani yake, na familia inaweza kulifanya kwa wakati wake na kwa adabu zake. Lakini mtu wa pwani anayekwenda Bonde la Ufa mara ya kwanza huingiwa na hofu ya wanyama, akasahau vitu viwili alivyoishi navyo tangu utotoni: moto na maji. Kule bondeni, hivyo viwili ndivyo vinavyompasa kuvichunga kuliko chui.

Wakati na mahali

Kwanza tuangalie kalenda. Safari Rally ya mwaka 2024 ilifanyika tarehe 28 hadi 31 Machi, na ya 2025 tarehe 20 hadi 23 Machi; zote mbili ziliangukia ndani ya Ramadhani. Katika juma kama hilo kambi za Naivasha hujaa, bei hupanda, na muziki haunyamazi hadi alfajiri. Familia yenye watoto wadogo na wazee na ichague juma jingine.

Likizo ya Aprili nayo huangukia katika masika, na sababu ya kuiepuka tutaieleza mbele. Agosti ni kukavu zaidi, ila baridi yake ni ya kweli. Mwanzo wa Januari, kabla shule hazijafunguliwa, huwa na mchana wa jua na usiku unaostahimilika.

Mahali pa kupiga hema ni pa namna mbili. Ziko kambi za watu binafsi kando ya Ziwa Naivasha, zenye vyoo, maji na mara nyingi umeme. Na ziko kambi zilizo ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate, hifadhi ya kilomita za mraba 68 iliyotangazwa mwaka 1984, ambako mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Humo ndani huduma ni chache na maji ya kunywa hubebwa. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa mtandao wa eCitizen, kwa hivyo yamalizeni kabla ya kufika langoni.

Kabla ya kulipia kambi yoyote, pigeni simu na muulize bila ya haya: choo cha wanawake kiko umbali gani na hema, bafu lina komeo, usiku kuna taa, ulevi na muziki huruhusiwa hadi saa ngapi? Kwa kambi za ziwani ongezeni swali moja: je, kuna uzio wa kuzuia viboko? Viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na anayejikuta kati ya kiboko na ziwa yumo hatarini.

Baridi

Mji wa Naivasha uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mombasa usiku ukiwa wa nyuzi 22 tunajifunika shuka. Naivasha usiku wa Agosti waweza kushuka hadi nyuzi 10 na chini ya hapo. Kanga mbili hazitoshi.

Kosa la wengi ni kubeba mablanketi ya kujifunika na kusahau ya kutandika. Ardhi ndiyo inayonyonya joto la mwili. Tandikeni turubai, juu yake sponji au godoro jembamba, kisha mkeka, ndipo mlale. Kila mtoto awe na soksi mbili kavu za kulalia, sweta na kofia ya sufi. Nguo zilizoloa jasho la mchana zivuliwe kabla ya kulala, hata zikionekana safi. Kina mama wanaovaa buibui watafurahi wakivaa ndani yake suruali nzito, nayo itawasitiri pia watakapopanda mawe au baiskeli.

Moto

Hapa tunaomba kila mzazi asome polepole. Baridi ikizidi, fikra ya kwanza ya mtu wa kwetu ni kuliingiza jiko la makaa ndani ya hema, afunge zipu na alale kwenye joto. Jiko hilo laweza kuiua nyumba nzima kabla ya alfajiri. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki kukohoa. Usingizi wake huzidi tu kuwa mzito. Makaa yaliyofunikwa na jivu, yanayoonekana kama yamezimika, bado huitoa gesi hiyo. Jiko la gesi nalo lisiwashwe ndani ya hema.

Nyumba zetu za pwani zimetuzoesha vibaya katika hili, kwani zina madirisha mapana na ua wa wazi, na upepo wa bahari hupita humo usiku kucha. Hema halina hayo. Basi jiko libaki nje, mbali na kitambaa na kamba, na lizimwe kwa maji kabla ya kulala. Mkitaka joto, chemsheni maji, yatieni katika chupa imara yenye kifuniko madhubuti, iviringisheni kwa kanga na muiweke miguuni mwa mtoto. Akiamka mtu na kichwa kinachouma na kichefuchefu, na moto ulikuwa karibu, watoeni wote nje kwenye hewa safi papo hapo, kisha tafuteni daktari.

Maji

Katika Hell's Gate kuna korongo la Ol Njorowa, lililochongwa na maji katika mawe ya volkano. Kuta zake ni ndefu, njia yake mahali pengine ni nyembamba, na chini kuna mchanga mkavu unaowavutia watoto. Wageni wengi huiona hiyo ndiyo sehemu nzuri kupita zote.

Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walichukuliwa na maji ndani ya korongo hilo. Septemba 2019 watu saba wengine walifariki hapo hapo kwa mafuriko ya ghafla. Mvua inaponyesha vilimani, maji hukusanyika na kuteremka yote katika ule mwanya mmoja, na huweza kumkuta mtu aliyesimama chini ya anga jeupe.

Sisi tumelelewa na bahari, na bahari ina ahadi zake: maji hujaa na kupwa kwa saa zinazojulikana, na mvuvi huzisoma kwa mwezi. Maji ya korongo hayana bamvua wala maji mafu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, njiani kuelekea Naivasha, maji yaliyokuwa yamezuilika yalibomoka na kuwachukua makumi ya watu waliokuwa wamelala majumbani mwao. Hiyo ndiyo sababu ya kuwasihi msiende na watoto katika masika.

Kwa hivyo: msiingie korongoni bila ya ruhusa ya askari wa hifadhi na mwongozaji wa pale. Mkiona wingu jeusi upande wowote, hata likiwa mbali, ahirisheni. Mkiwa ndani na mkasikia ngurumo, au mkaona maji yamegeuka tope, pandeni juu mara moja na muache mizigo. Na hema lisipigwe katika mkondo mkavu wa mto, hata kama mchanga wake ni laini kama wa ufuoni.

Ibada na stara

Kibla cha Mombasa karibu ni kaskazini moja kwa moja. Ukiwa Naivasha, geuka kidogo kuelekea mashariki ya kaskazini, kiasi cha nyuzi nane. Adhuhuri ya huko huchelewa kwa dakika 13 hivi baada ya Mombasa, basi msitegemee ratiba ya nyumbani. Tena jua la jioni hujificha nyuma ya milima ya Mau kabla halijatua kwa hakika. Anayefunga asifuturu kwa kuona kivuli, afuate saa.

Maji ya alfajiri huwa baridi kama barafu. Kisa cha Amr bin al-As, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyetayamamu katika usiku wa baridi kali safarini, kinajulikana. Lakini mwenye jiko na sufuria na apashe maji yake, ayatie katika chupa ya chai tangu usiku, na udhu utakuwa mwepesi. Bebeni na kopo, kwani vyoo vingi vya kambini vina karatasi tu. Kuhusu kukusuru na kujumuisha, safari hii imetimiza masafa. Ila katika madhehebu yetu ya Kishafi, anayenuia kukaa siku nne kamili, mbali na ya kufika na ya kuondoka, husali kamili. Mwenye shaka na amuulize sheikh wake.

Stara nayo hupangwa mapema. Pigeni mahema mawili yakitazamana, na kati yake mfunge turubai au leso kubwa kama ua. Hapo kina mama watapika na kukaa kwa nafasi. Msichana asiende chooni usiku peke yake, nao wavulana wafundishwe kuwa kuwasindikiza dada zao ni heshima.

Chakula

Kwa kuwa maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100 katika mwinuko ule, mbaazi na maharagwe hukawia sana kuiva. Yapikeni nyumbani. Mahamri, tende, mkate wa sinia na nyama iliyokaushwa vizuri huvumilia safari. Nyama mbichi ya halali ulizieni kwa Waislamu wa mjini Naivasha au Nakuru, ambako misikiti ipo. Chakula kisilale ndani ya hema. Nyani na tumbili wa huko ni wezi hodari.

Mwisho, kabla ya kwenda, lipigeni hema uani kwenu na mlale humo usiku mmoja. Watoto watacheka, majirani watashangaa, nanyi mtajua kigingi kipi kimepotea na nani anaogopa giza. Na mkifika huko, isomeni dua ya kushukia mahali, ile iliyopokewa na bibi Khawla bint Hakim, kisha kagueni jiko kuwa liko nje. Mwenyezi Mungu awarudishe salama, nyote mliotoka.