Siku nne za Bunia kabla ya kuvuka ziwa

Safari yetu ya likizo kubwa ilikuwa ya kuvuka Ziwa Albert, na Bunia tuliiweka tu kuwa fasi ya kulala usiku mmoja. Ndivyo tulivyopanga hapa Mongbwalu: tushuke siku ya ine, tulale, na siku ya tano alfajiri tushike njia ya Tchomia, tupande mashua mpaka Sebagoro, upande wa Uganda. Kutoka pale si mbali na kambi ya Kyangwali, ambako mdogo wetu anaishi tangu mwaka 2018, mwaka ule watu wa Ituri walipovuka ziwa kwa maelfu na maelfu.

Tulilala Bunia usiku nne. Wengine katika kikundi wametuuliza kama makuta yalituishia njiani, ama kama mtoto aligonjwa. Hapana, si hivyo.

Tulikuwa watu sita: baba wa watoto na sisi, mama yetu mzazi ambaye watoto wanamwita tate, na watoto watatu. Binti wetu ana miaka 13, kijana ana 8, na wa mwisho ana 3. Njia ya Kilo, Nizi na Iga-Barrière mnaifahamu ninyi wote, hatutaieleza: vumbi, barieri, na kumwomba Mungu. Tuliingia Bunia jua likiwa linaelekea kutua, na kijana alipoona lami ya bulvari ya Libération aliomba ashuke aiguse kwa mkono. Akaigusa. Watu wa motari walicheka, lakini mtoto wa kwetu anajua matope mekundu tu, afanye nini?

Tulifikia kwa dada mmoja tuliyesoma naye ISP zamani, miaka ileile tulipokuwa tunagawana daftari moja watu wawili. Tulimletea ndizi na mfuko wa makala, kwa sababu kufika watu sita mikono mitupu katika nyumba ya mwalimu ni kuiua ile nyumba. Dada huyu ni mzaliwa wa Kasenyi, mtoto wa ziwa kabisa. Usiku ule tulipokuwa tunakula bugali na kapiteni, aliuliza swali moja tu: «Na watoto watavaa nini ndani ya mashua?»

Sisi tulifikiri anasema juu ya baridi. Tukajibu kwamba tumebeba majaketi.

Akanyamaza kidogo, kisha akatuambia habari ya tarehe 22 Machi 2014. Siku ile mashua iliyokuwa imebeba wakimbizi Wakongomani waliotoka Kyangwali, wakiwa wanarudi nyumbani, ilipinduka katika Ziwa Albert. Watu zaidi ya 100 walikufa, na watoto wengi walikuwa kati yao. Mashua ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Watu wale walikuwa wamepona vita, wamepona maisha ya kambi, wakafia njiani wakirudi kwao.

Ziwa hili lina urefu wa karibu kilometa 160 na upana wa karibu 30. Mtu wa Mongbwalu anajua mito ya kutafutia zahabu, maji ya magoti. Sisi sote sita, hakuna hata mmoja anayejua kuogelea.

Siku ya tano asubuhi nyumba iligawanyika. Baba wa watoto alisema watu wanavuka kila siku, na kila siku tunayokaa mjini inakula makuta ya kurudia. Alisema kweli. Lakini aliyetuumiza moyo ni tate. Yeye ndiye mwenye safari. Alikuwa hajamwona mtoto wake tangu alipokimbia, na wajukuu wawili waliozaliwa kule Kyangwali alikuwa anawajua kwa sauti ya simu tu. Tulipomwambia kwamba hatutaondoka mpaka tupate jile za kuelea majini, zile nguo za rangi ya machungwa, alivua viatu vyake polepole, akarudi chumbani, na siku ile hakula. Alisema: «Ninyi muna siku nyingi mbele. Mimi sina.»

Tukaenda sokoni na maneno yale masikioni.

Soko la Bunia kwa mtu anayetafuta kitu kimoja linachosha kuliko barabara. Tulianza kwa wauza nyavu, tukapita kwa wauza misumari na mabati, tukapita katika harufu ya makayabo, kijana akiuliza kama samaki hawa wote walivuka ziwa wakiwa wazima. Mahali pa tatu tukapata jile tatu, zote za watu wazima. Mwenye duka, mtu mwema wala hakutaka kutudanganya, alisema moja inaweza kumtosha kijana tukiikaza vizuri. Dada yetu akasema: «Tujaribu.» Akamvalisha, akafunga mikanda yote, akamwambia anyooshe mikono juu. Halafu akashika jile mabegani na kuivuta kuelekea juu. Ikatoka yote kichwani, mtoto akabaki amesimama na mikono yake hewani.

Dada akatueleza: maji yanafanya vilevile, yanasukuma jile juu na mtoto anabaki chini. Jile ya mtoto ni ile ambayo ukiivuta mabegani inakataa kupita kidevu. Na ya mtoto mdogo kabisa inafaa iwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Wamama, jaribio hili halilipishwi, na unaweza kulifanya palepale dukani mbele ya watu. Tuliona haya kidogo, kisha haya ikaisha.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza pembeni alitushauri tufunge watoto na bidoni tupu, za litri tano, vifuniko vikazwe. Dada alisema wavuvi wanafanya hivyo, na kwa mtu asiye na kitu ni afadhali, lakini bidoni haishiki kichwa cha mtoto nje ya maji, na mkono ukichoka inakwenda. Mwenye duka akapiga simu Kasenyi. Jile mbili za watoto zingepanda na gari la samaki siku ya posho jioni. Tukalipa nusu. Ya binti tuliona kwamba ile ya mtu mzima iliyo ndogo kuliko zote inamkaa. Tuliivuta mara tatu, haikutoka. Na tate akapewa ile kubwa, bila kuulizwa.

Sisi wawili tulibaki bila. Tulikubali hivyo, na baba wa watoto hakusema tena neno juu ya makuta.

Basi siku ya posho tulikuwa na asubuhi nzima ya kungojea. Binti wetu tangu tufike alikuwa hatoki uani. Tulifikiri ni uchovu. Tulipomwambia twende tukaone mji, aliuliza: «Kule kwa mabashi?» Ndipo tulipokumbuka kwamba mtoto huyu aliijua Bunia mara moja tu, mwaka 2020, tulipokimbia na kukaa miezi kati ya wakimbizi wa ndani. Alikuwa na miaka 8, kama ndugu yake leo. Kwake yeye Bunia si mji. Ni bashi la plastiki na mvua inayopiga juu yake.

Sisi tungependa kumpeleka kwanza kuona ISP, kwa majivuno yetu ya mwalimu. Yeye akachagua kupita kwanza njia ile aliyokuwa anachotea maji. Tukaenda polepole. Alitafuta pale bomba lilipokuwa, akasimama, akaangalia nyuma mpaka pale tulipokuwa tunalala, akasema: «Kumbe ni karibu hivi?» Akamwonyesha kijana namna alivyokuwa anabeba bidoni ya litri tano, akibadilisha mkono kwenye kila mti. Miti miwili ilikuwa bado iko. Hatukusema kitu. Kisha yeye mwenyewe akaomba mandazi, na tukaenda ISP, na akasoma kibao cha mlangoni kwa sauti kubwa kama mkaguzi wa shule. Ndege ikapita juu ikishuka kuelekea kiwanja, na wa mwisho wetu akajificha ndani ya kitenge.

Jioni gari la samaki lilifika na jile mbili zenye harufu ya samaki. Tukawajaribu watoto uani, mikono juu, kuvuta. Zilikataa kutoka. Tate alikuwa anatazama kutoka mlangoni. Aliomba na yeye avalishwe, akaketi nayo juu ya kiti mpaka chakula kilipokuwa tayari, na akala.

Siku ya yenga hakubali kusafiri, mnamjua. Tulisali, tukapumzika, dada akatufundisha jambo la mwisho: kuvuka asubuhi mapema, kwa maana upepo wa ziwa hupenda kuamka mchana, na mkifika kwenye mashua, hesabuni vichwa kabla ya kulipa. Watu wakianza kuketi juu ya ukingo, shukeni.

Siku ya kwanza tuliondoka giza. Baada ya Bogoro barabara inaanguka kuelekea ziwa, kwa sababu Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200, na ziwa liko karibu mita 600. Masikio ya watoto yaliziba, joto likapanda, na maji yakaonekana chini, meupe, bila mwisho. Hakuna aliyesema kitu ndani ya gari.

Huko Tchomia mashua ya kwanza ilikuwa karibu kuondoka na mwenyewe alitupungia mkono tufanye haraka. Tulihesabu. Watu wanne walikuwa wameketi juu ya ukingo, na mizigo imefika mabegani. Tuliteremsha mguu uliokuwa umeshapanda. Yule bwana alikasirika, akatuita watu wa milimani. Ni kweli, sisi ni watu wa milimani. Tulingojea mashua ya pili, tukaketi chini kabisa katikati, mtoto wa mwisho kati ya magoti yetu.

Upande wa pili mdogo wetu alikuwa anatungojea mchangani na watoto wake wawili. Tate alishuka na jile yake mwilini. Tulimwambia sasa tumefika, aivue, apate kuwakumbatia vizuri. Alikataa. Akawashika wajukuu wote wawili pamoja, jile ya machungwa ikiwa katikati yao, na mdogo akalia kwa kuogopa ile rangi.